Diklopa, brufeni na nyinginezo: namna ya kumeza dawa za maumivu bila kuumiza tumbo, figo wala moyo

Maswali ni yale yale, iwe kaunta ya Majengo, Moshi, au ya jirani na soko la Kilombero, Arusha. Diklopa na Panadol vinaenda pamoja? Mbona brufeni inanichoma tumbo? Bibi magoti yanamsumbua miaka yote, ameze kila siku? Sindano si afadhali kuliko kidonge? Kesho naingia mlimani na wageni, nimeze kabisa kabla kichwa hakijaanza?

Nayajibu hapa kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili ukifika dukani ujue unachoomba na unachopaswa kuulizwa. Mwongozo huu ni wa maumivu ya siku chache ambayo mtu mzima anaweza kuyashughulikia akiwa nyumbani. Kama daktari amekupangia dozi tofauti na hizi kwa sababu ya ugonjwa ulio nao, fuata ya daktari.

Jambo moja la kuelewa kwanza. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta uvimbe, joto na maumivu pale palipoumia. Hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Dawa ya kupunguza uvimbe hushusha prostaglandini mwili mzima, haichagui goti peke yake. Karibu kila tahadhari utakayosoma hapa chini imetoka hapo.

Uwe na hivi kabla ya kumeza

- Dawa ikiwa kwenye pakiti yake, yenye jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda. Ukipewa vidonge vitupu kwenye karatasi ya kaki, omba waandike jina na nguvu ya dawa juu ya karatasi. Wakishindwa, usichukue.
- Majina ya dawa zote unazotumia sasa, pamoja na za presha, sukari, moyo, VVU, na dawa za asili. Piga picha pakiti zake kwa simu, inatosha.
- Chakula. Uji, mtori, ndizi, mkate na maziwa, chochote kilicho tayari.
- Glasi nzima ya maji, si funda moja.
- Kipimo cha presha cha siku za karibuni, hasa ukiwa umevuka miaka 40.
- Kama dawa ni ya mtoto, uzito wake wa sasa. Umri peke yake hautoshi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha maumivu yako ni ya aina hii.

Dawa hizi zinafanya kazi vizuri pale penye uvimbe: kifundo kilichoteguka, jino, maumivu ya hedhi, mgongo uliokaza baada ya kubeba mzigo, gauti iliyoshika kidole gumba cha mguu, goti la baridi yabisi lililochachamaa.

Hazifai kwa maumivu ya chembe cha moyo au tumbo linalochoma, kwa sababu zinaweza kuwa ndizo zitakazolitoboa. Hazisaidii sana miguu inayowaka moto na kufa ganzi kwa mgonjwa wa kisukari; ile ni shida ya mishipa ya fahamu na ina dawa zake. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda begani au tayani hayasubiri kidonge cha dukani, ni ya kukimbilia hospitali.

Homa nayo ipime kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Na kama umetoka Dar es Salaam au Tanga karibuni, ukapata homa kali na maumivu nyuma ya macho, tumia parasetamoli (Panadol) peke yake mpaka ijulikane kama ni dengi. Aspirini, ibuprofeni (ndiyo brufeni) na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa wa dengi.

2. Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina kubwa kwenye boksi ni la kampuni. Jina la dawa yenyewe liko chini yake, kwa maandishi madogo. Kwa kundi hili utakuta limeandikwa Ibuprofen, Diclofenac, Aspirin au Acetylsalicylic acid, Meloxicam, Piroxicam, Indomethacin, Naproxen au Celecoxib. Zote hizo ni ndugu wa ukoo mmoja. Kanuni ni kwamba unameza mmoja tu kati ya hao, si wawili. Ukimeza brufeni asubuhi na diklofenaki mchana, hupati nafuu mara mbili. Unapata madhara ya zote mbili kwa tumbo na figo, na maumivu yanabaki yalivyokuwa.

Parasetamoli haimo kwenye ukoo huo. Inapunguza maumivu na homa lakini uvimbe haiugusi, na haichubui tumbo. Ndiyo maana parasetamoli na ibuprofeni vinaweza kwenda pamoja, na kwa jino linalouma usiku mchanganyiko huo ni wa nguvu kweli.

Sasa diklopa. Kidonge ambacho wengi mnakiita diklopa kina dawa mbili ndani yake, diklofenaki na parasetamoli. Kwa hiyo anayemeza diklopa halafu akaongeza Panadol anaongeza parasetamoli juu ya parasetamoli. Mtu mzima mwenye ini zima asivuke gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, zikihesabiwa na zile zilizomo kwenye diklopa. Mnywaji wa kila siku na mtu mwembamba sana wakae chini ya hapo. Na anayemeza diklopa halafu akaongeza brufeni amekwisha kuchanganya ndugu wawili bila kujua.

Zile dawa za kichwa za dukani, zinazouzwa mbili mbili hata kwa Mangi, nazo zisome nyuma. Nyingi zina aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Dawa za mafua nazo huwa na parasetamoli, nyingine ibuprofeni.

3. Jikague kama umo kwenye orodha ya wasiomeza bila daktari.

Usiruke hatua hii hata kama umewahi kumeza dawa hizi ukapona. Hali ya mwili hubadilika.

- Una vidonda vya tumbo, au uliwahi kutapika damu au kupata choo cheusi.
- Una ugonjwa wa figo au ini.
- Moyo wako ni dhaifu, au uliwahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Diklofenaki hasa si yako. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza wagonjwa wa namna hii wasiitumie.
- Una pumu ambayo huamshwa na aspirini. Ukiwahi kubanwa kifua baada ya aspirini, ndugu zake wote uwaache.
- Una mimba. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto kabla ya wakati wake. Tumia parasetamoli. Kama kliniki wamekuandikia aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni kazi nyingine, endelea nayo.
- Umevuka miaka 65.
- Unaharisha, unatapika, au umekaa siku nzima bila maji.

Halafu angalia dawa nyingine unazotumia. Dawa za presha kama losartani, enalaprili au kaptoprili, ukichanganya na dawa ya kukojosha maji kama furosemaidi au bendrofluazaidi, kisha ukaongeza diklofenaki, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache. Mchanganyiko huo wa dawa tatu ni mbaya na ni rahisi kuufikia, kwa sababu mbili za kwanza mgonjwa anazo nyumbani kila siku na ya tatu anaipata bila cheti. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, ikichanganywa na dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu. Predinisoloni au deksamethasoni huongeza hatari ya kidonda cha tumbo. Methotreksati na lithiamu hujaa mwilini mpaka kuwa sumu.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU: kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanatumia sasa kina tenofoviri, nayo hupita kwenye figo. Diklofenaki au ibuprofeni ya siku nyingi juu yake imewahi kuharibu figo za watu. Huna haja ya kumweleza muuza duka habari zako mbele ya foleni. Sema tu, "Natumia dawa inayopita kwenye figo, nipe parasetamoli." Anayejua kazi yake ataelewa na hatauliza zaidi.

Na unayemeza aspirini ndogo ya miligramu 75 au 81 kwa ajili ya moyo, usiiache. Ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi, kwa hiyo muulize daktari kabla ya kuzitumia siku moja.

4. Anza na ile nyepesi.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza parasetamoli. Ikishindwa, na maumivu ni ya goti, kifundo au vidole, jeli ya diklofenaki ya kupaka: safisha ngozi, paka mara 3 au 4 kwa siku, nawa mikono, usipake juu ya kidonda wala usifunge plastiki juu yake. Dawa inayoingia kwenye damu kupitia ngozi ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, ndiyo maana kwa babu na bibi wenye presha naipendelea. Ikishindwa nayo, ibuprofeni. Diklofenaki ya kidonge inakuja baada ya hapo. Huku kwetu watu wameigeuza kuwa ya kwanza, na sioni sababu nyingine zaidi ya mazoea.

Piroksikamu na indomethasini ni kali kwa tumbo. Usizinunue kwa kujichagulia.

5. Pima dozi.

Kwa mtu mzima:

- Ibuprofeni: miligramu 200 hadi 400, kila baada ya saa 8. Bila daktari usivuke 1,200 kwa siku.
- Diklofenaki: miligramu 50 mara 2 kwa siku, mwisho mara 3. Isivuke 150 kwa siku kwa namna yoyote, sindano ikiwemo. Kile cha miligramu 100 kinachoachia dawa polepole ni kimoja kwa siku.
- Meloksikamu: miligramu 7.5 au 15, mara moja kwa siku, kwa cheti.

Kidonge cha diklofenaki mara nyingi kina gamba la kuzuia kisiyeyuke tumboni. Usikiponde, usikitafune, usikikate.

Kwa mtoto, ibuprofeni ya maji hupimwa kwa uzito: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8. Chupa nyingi zina miligramu 100 katika mililita 5. Mtoto wa kilo 10 basi anapata mililita 2.5 hadi 5. Tumia kijiko cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Usimpe mtoto wa chini ya miezi 3, anayeharisha au kutapika, wala mwenye tetekuwanga. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 akiwa na homa au mafua. Inaweza kumletea ugonjwa unaovimbisha ubongo na kuharibu ini.

6. Kula, kunywa maji, weka pombe pembeni.

Meza ukiwa katikati ya chakula au mara baada yake, na glasi nzima ya maji. Usilale papo hapo. Kaa au simama kwa robo saa ili kidonge kisikwame kwenye koo la chakula na kukuchubua.

Chakula hupunguza kichefuchefu na kuchomeka, lakini hakizuii kidonda. Kidonda kinaletwa na dawa ikiwa tayari kwenye damu. Ndiyo maana sindano ya tako au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa hailindi tumbo kama watu wanavyodhani.

Mbege, bia na konyagi zisikutane na dawa hizi. Pombe inachubua ukuta ule ule ambao dawa imeuondolea kinga. Mwenye gauti analijua hili kwa mguu wake: pombe ndiyo iliyoamsha maumivu, na dawa haiwezi kumaliza kazi pombe ikiendelea kuingia.

7. Hesabu siku.

Andika kwenye simu siku na saa uliyoanza. Kwa homa nasema siku 3, kwa maumivu siku 5. Maumivu yakiisha siku ya pili, acha siku ya pili. Hii si dawa ya bakteria ambayo lazima umalize dozi. Swali hilo naulizwa sana. Unameza kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazotosha.

Maumivu ya hedhi ni tofauti kidogo. Anza mara tu dalili zinapojitokeza, usisubiri yakolee, kisha meza kwa saa zake kwa siku 2 au 3. Mabinti wengi humeza kidonge kimoja wakati maumivu yamekwisha kupamba moto, halafu wanasema dawa haifanyi kazi.

8. Jua dalili za kuacha na kukimbia hospitali.

Choo cheusi chenye kunata kama lami. Matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa. Maumivu ya tumbo ya ghafla, makali, tumbo likiwa gumu. Kifua kubana, upande mmoja wa mwili kukosa nguvu, maneno kutoka vibaya. Mkojo kupungua sana, miguu na uso kuvimba. Midomo au macho kuvimba, kupumua kwa shida, ngozi kutoa malengelenge. Mojawapo ya hizo ikitokea, acha dawa na uende Mawenzi, KCMC, Mount Meru au kituo chochote kilicho karibu, na ubebe pakiti yake.

Kidonda cha dawa hizi mara nyingine hakiumi kabla ya kutoka damu, kwa kuwa dawa yenyewe inaficha maumivu. Mzee aliyeanza kuishiwa nguvu, kupauka viganja na kuhema akipanda ngazi, huku akimeza dawa za magoti kila siku, apimwe wingi wa damu hata kama tumbo lake halimsumbui.

Kwa wapagazi, waongozaji na wakimbiaji

Mlimani mambo matatu yanakutana: unatoka jasho na kuhema sana, maji unakunywa machache kwa sababu ya baridi, na mzigo uko begani. Figo zinategemea zile prostaglandini kuliko siku nyingine yoyote, na ndipo watu wanapomeza diklofenaki asubuhi na jioni ili magoti yavumilie. Usifanye hivyo siku baada ya siku. Ukilazimika, iwe ibuprofeni kidogo, baada ya kula na kunywa maji, na mkojo wako uwe umeanza kuwa mweupe.

Kichwa kikiuma juu ya mita 2,500, dhania kwanza ni ugonjwa wa mwinuko. Parasetamoli au ibuprofeni itakituliza, na hakuna ubaya kuitumia ukiwa umepumzika. Hatari ni kumeza, kuona nafuu, na kuendelea kupanda. Toa taarifa kwa mwongozaji mkuu, baki mwinuko huo huo, na usipande tena mpaka kichwa kiwe kizima bila dawa. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa au kukohoa povu, hapo ni kushuka, hata kama ni usiku na hata kama kilele cha Kibo kiko mbele ya macho. Mwambie mgeni wako hivyo hivyo. Mpagazi mwenzako naye ana haki ya kushushwa kama mgeni.

Wanaokimbia mbio ndefu za Moshi: usimeze asubuhi ya mbio kwa kujikinga. Maumivu ya baada ya mbio yasubiri hadi umekunywa, umekula na umekojoa.

Magoti na mgongo wa miaka mingi

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo halimo kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Sehemu nyingi za Arumeru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji ya chemchemi na visima yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinavuka hapo kwa mbali. Wote tunajua inavyofanya meno kuwa ya kahawia. Miaka ikienda inaingia kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, viungo vinauma, watoto wengine miguu inapinda.

Kama umekulia maeneo hayo na viungo vinauma, vidonge vitakutuliza leo lakini kesho utakunywa maji yale yale. Mwambie daktari ulikokulia. Nyumbani, badilisha maji ya kunywa na kupikia: maji ya mvua, au yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia majaribio kwa miaka mingi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Jambo la pili ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, si ya kumeza diklopa mwezi mzima. Wachimbaji wa Mirerani na familia zao nawasisitizia zaidi, kwa kuwa vumbi la mgodini hudhoofisha mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu. Vipimo vinapatikana vituo vya serikali bila malipo, na Kibong'oto kule Siha ni hospitali ya ugonjwa huo. Vilevile, mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa wale ambao daktari ameona lazima wameze kwa muda mrefu, mwulize habari ya omeprazoli miligramu 20, inayomezwa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Inalinda tumbo. Haizilindi figo wala moyo, kwa hiyo presha na kipimo cha damu cha figo viendelee kuangaliwa.

Na zile dawa za unga za viungo zinazouzwa stendi bila jina, zinazomfanya mzee ainuke ndani ya saa moja? Katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni. Dawa ya asili inayotuliza kwa kasi ya kidonge cha hospitali, itilie shaka.

Kuhusu sindano

Sindano ya diklofenaki ina mahali pake, kwa mfano mtu mwenye maumivu makali ya mawe kwenye figo anayetapika kila anachomeza. Kwa mgongo wa kawaida haina faida inayostahili hatari zake. Ikichomwa vibaya inaweza kuacha jipu, kuua nyama ya tako, au kugonga mshipa mkubwa wa fahamu na mguu ukabaki unaburuta. Usichomwe nyuma ya duka. Kama unaweza kumeza, meza.

Kuhifadhi, na neno kwa wafugaji

Weka dawa pakavu, pasipo jua, juu ya kimo cha mtoto. Iliyopita muda irudishe famasi.

Usimpe ng'ombe wala mbuzi diklofenaki ya binadamu. Tumbusi wakila mzoga wa mnyama aliyepewa dawa hii, figo zao zinakufa na wao wanakufa ndani ya siku chache. India, Pakistani na Nepali zilipoteza karibu tumbusi wao wote wa aina tatu kwa njia hiyo, mpaka mwaka 2006 zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Tumbusi wanaosafisha mizoga ya Monduli, Simanjiro na Ngorongoro wanatukinga na magonjwa. Mganga wa mifugo anaweza kukupa meloksikamu, ambayo haiwadhuru.

Ukikwama

*Tumbo linachoma tangu nianze.* Acha dawa, hamia parasetamoli. Usinywe maziwa na kuendelea kumeza. Likizidi siku 2, kapime.

*Nimesahau dozi.* Meza ukikumbuka. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyosahaulika. Usimeze mbili kwa pamoja.

*Nimemeza brufeni, nikasahau, nikameza diklofenaki.* Mara moja kwa mtu mzima mwenye afya si janga. Kunywa maji, usimeze nyingine yoyote ya ukoo huo hadi kesho, na angalia zile dalili za hatua ya 8. Mtoto akimeza vidonge asivyopewa, au mtu akizidisha parasetamoli, nenda hospitali muda huo huo hata kama anaonekana mzima. Ini huharibika kimya kimya siku ya pili na ya tatu.

*Siku 2 zimepita, hakuna nafuu.* Usiongeze dozi wala kuchanganya. Yawezekana ugonjwa ni mwingine. Jino, kwa mfano, huenda lina usaha, na dawa yake ni daktari wa meno.

*Presha yangu ilikuwa imetulia, sasa imepanda.* Dawa hizi hushika chumvi na maji mwilini na kudhoofisha dawa za presha. Acha, pima tena baada ya siku chache, na mweleze daktari ulimeza nini kabla hajakuongezea dawa nyingine.

*Kichwa kinauma kila siku, nameza kila siku, kinatulia, kinarudi.* Ukifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa zile zenye mchanganyiko na kafeini, kwa miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa. Utalazimika kuiacha, na wiki ya kwanza kichwa kitauma zaidi kabla ya kupungua. Nenda kwa daktari ili akusimamie katika siku hizo, na upimwe macho na presha ukiwa huko.